Mimi Si Mengineyo

Karatasi ya kibali ilifika imekunjwa mara nne, na Bi Mkunjo akaipiga pasi.

Si kwamba hakujua tofauti ya karatasi na shuka. Lakini mtu aliyepiga pasi mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu anapiga nguo za watu kwenye chumba chake cha mbele, kitu chenye makunyanzi hakimpiti mkononi kikatoka vilevile. Akailaza mezani, akaifunika kitambaa, akashusha pasi ya moto wa kiasi. Mvuke ukaukuta muhuri wa ofisi ya ustawi wa jamii, wino ukatanuka, na ule mduara wa serikali ukawa kama chungwa lililokaliwa. Maneno yenyewe yalisalimika: kibali cha muda cha kumtunza mtoto wa ndugu, wiki kumi na sita, hakitaendelea bila uamuzi wa kamati.

"Wiki kumi na sita," alimwambia jirani yake, mzee mstaafu aliyeendesha gari la wagonjwa, ambaye mpaka leo anaitwa Dereva ingawa hana hata baiskeli. "Mwenye mimba hupewa miezi tisa ajitayarishe. Mimi wamenipa minne, na mtoto keshaota meno."

"Shukuru," Dereva akamjibu. "Leseni yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu, na nguzo ya umeme niliigonga wiki ya pili."

Jina la Bi Mkunjo alipewa na madaktari wa zamani, wale waliokuwa wakivaa makoti meupe yenye wanga. Walisema mkunjo wa suruali uliotoka mkononi mwake unaweza kukata nyanya. Hakuolewa na hakuzaa. Wanawake wa rika lake wote walikuja kuitwa Mama Fulani na Mama Fulani, kila mmoja kwa jina la kifungua mimba wake, yeye akabaki kuitwa kwa kazi yake. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtu wa kujisikia kidogo, wa kutembea kichwa juu na kufunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na anayetembea hivyo watu hawamuulizi anakoumia.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa mdogo wake, miaka sita na nusu. Mdogo mtu kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yao. Alikuwa anaishi ng'ambo ya pili ya mji, na kwa miaka mingi dada hawa wawili walikuwa wakionana kwa msimu, kama mvua. Kitinda alikuwa ameanza kuugua ugonjwa wa kichwa, ule usioonekana kwenye darubini. Halali, haogi, anazungumza na ukuta kwa adabu kama anazungumza na mgeni. Akaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii aliyemuumbua alikuwa mtoto, na ilikuwa heri. Siku moja asubuhi binti alikwenda shule peku, amevaa blauzi ya mama yake iliyomfika magotini, akamwambia mwalimu wake, "Mama hajaamka tangu juzi, lakini macho yamefunguka."

Mama akapelekwa hospitali. Mtoto akapelekwa ofisi ya ustawi. Kwenye simu ya mama likatafutwa jina la ndugu, likapatikana moja tu, limeandikwa "Dada".

Mchana huohuo afisa wa ustawi akafika kwa Bi Mkunjo na mtoto mkononi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mkoba mgongoni, ungemwona njiani ungedhani anawahi mtihani. Akaeleza kwamba sheria inaruhusu ndugu apewe mtoto siku ileile kwa muda, bora nyumba itazamwe, wadhamini wawili wapatikane na fomu ijazwe. Ukaguzi kamili utafuata, kisha kamati itaamua kama mtoto abaki.

"Na kamati ikikataa?" Bi Mkunjo akauliza.

"Tunayo orodha ya familia zilizosajiliwa, mama. Watu wazuri. Ila wengi wako mbali."

Bi Mkunjo akamtazama mtoto. Alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule lisilo na zipu, midomo ameibana kama aliyebeba maji ndani yake. Mama yake alikuwa akimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake, lakini siku ile chiriku hakuwa na hata mlio.

"Leta hiyo fomu," Bi Mkunjo akasema.

Kalamu aliishika yeye. Darasa la saba lake alilimaliza kwa mwandiko uliobandikwa ukutani, na hakuwa tayari kuandikiwa na mtoto wa watu. Walikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye uhusiano.

"Hapa unaweka alama tu, mama," afisa akamwonyesha kwa kidole. "Babu au bibi. Shangazi. Mjomba. Kaka au dada. Mengineyo."

"Mama mkubwa yuko wapi?"

"Hawakumweka. Weka shangazi, ni yale yale."

"Mwanangu, shangazi ni dada wa baba. Baba wa mtoto huyu simjui hata kwa kivuli. Nitakuwaje dada yake?"

"Basi weka mengineyo."

"Mengineyo ndiyo kina nani?"

Afisa akajikuna shavu. "Ni hao wengine. Majirani, marafiki wa familia."

"Mengineyo ni vile vinavyobaki chini ya begi ukishatoa vya maana," Bi Mkunjo akasema. "Mimi si mengineyo."

Pembeni palikuwa na kistari kifupi, mtu aeleze. Bi Mkunjo akakisogelea na kalamu. Akaandika herufi kubwa, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa darasa la tatu, kila herufi isimame na nafasi yake kama mtu anayepokea wageni. Akaandika MAMA. Alipoinua kalamu, mstari ulikuwa unaelekea kwisha.

Afisa akalitazama lile neno, akatazama saa. Alikuwa na mtoto mwingine anamsubiri mtaa wa tatu. Akaitia fomu mkobani. Bi Mkunjo akaliona neno lake likiingia gizani.

Hapa lazima turudi nyuma, maana neno lile lilikuwa na miaka yake.

Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka miwili. Bi Mkunjo alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza ameajiriwa chumba cha mashuka. Akambeba mdogo wake mgongoni mbele ya meza ya pasi, wakalelewa wote wawili na mvuke. Kitinda alipoanza kusema, alimwita Mama. Hakufundishwa na mtu, aliona tu anayemlisha. Ikawa hivyo miaka mitano. Kisha shangazi yao akaja kutembea, akasikia, akamshika mtoto mkono mbele ya watu. "Huyu ni dada yako. Mama yako yuko kaburini. Usimchulie mwenzio, nani atamwoa akisikia ana mtoto?" Alisema kwa wema, tena kwa uchungu wa kweli. Bi Mkunjo alikuwa anapiga pasi, akaendelea kupiga pasi. Toka kesho yake akawa Dada. Ndoa haikuja, na jina halikurudi.

Sasa tuendelee.

Wiki ya kwanza Chiriku hakusema neno. Alikula alichopewa, alilala kwenye kitanda kidogo alichopewa, ubavuni mwa cha Bi Mkunjo, na begi lake alililalia kichwani. Afisa alipokuja kwa ukaguzi kamili alikuwa na utepe wa kupimia na maswali kurasa nne. Akapima dirisha. Akauliza dawa zinafungiwa wapi. Akasimama mbele ya pasi tatu, mbili za umeme na moja ya mkaa ya siku ambazo umeme hauna habari na mtu.

"Hizi zitakuwa hatari kwa mtoto, mama."

"Pasi zangu hazijawahi kumchoma mtu isipokuwa mimi." Akapandisha mkono wa gauni, akaonyesha kovu lenye ncha, mfano wa jani. "Na hiyo ni siku niliyogeuka kumtazama daktari."

Dereva akaja na msumeno, akatengeneza rafu ya kuwekea pasi juu kabisa, hata yeye mwenyewe aliifikia kwa ncha za vidole. Alikuwa mmoja wa wadhamini wawili, kwa hiyo afisa akamgeukia. Unamfahamu mwombaji kwa muda gani?

"Tangu enzi za pasi ya mkaa."

"Kwa miaka, mzee."

"Andika mingi. Tabia yake ni safi, ukiondoa kwamba siku moja aliivua suruali yangu."

Afisa akainua kichwa.

"Nilikuwa kazini, ina makunyanzi," Dereva akaeleza taratibu. "Akanisimamisha nyuma ya pazia, akaipiga pasi, akanirudishia. Mgonjwa anasubiri."

Swali la mwisho lilikuwa la adhabu. Mtoto akikosa, mama, utamrudi vipi?

"Nitamnyamazia."

"Na akizidi?"

"Nitamnyamazia zaidi." Bi Mkunjo akamtazama Chiriku aliyekaa juu ya kapu la nguo na midomo yake ileile. "Ila kwa huyu naona nimekutana na fundi."

Chiriku akainamisha uso. Bi Mkunjo aliapa baadaye kwamba aliyaona mabega yakicheka.

Maneno yalirudi moja moja. La kwanza lilikuja wiki ya tatu, mchana wa jua kali, nyuma yake kabisa: "Wewe, kuna maji?"

Bi Mkunjo nusura aiunguze kola ya watu. Akampa maji. Siku zikapita na lile "wewe" likawa ndilo jina. Wewe, soksi yangu iko wapi. Wewe, mbona shuka lina kona nne na wewe unashika mbili? Halikuwa tusi, mtoto hakuwa na jingine. Lakini kila likitoka Bi Mkunjo alikuwa analikunja na kuliweka mahali. Mwishowe akauliza, huku macho yako kwenye pasi, "Mama yako alikuambia mimi ni nani?"

"Alisema wewe ni dada."

"Dada wa nani?"

"Wa mama."

"Haya. Si unajua."

Alitegemea mtoto afike mwenyewe. Mtoto akafika, ila kituo kingine. Toka siku ile akawa anamwita Dada wa Mama, lote, bila kupunguza hata herufi. Dada wa Mama, kumekucha. Dada wa Mama, mwalimu anataka penseli. Mtaani watu walicheka mpaka wakazoea. Bi Mkunjo mwanzo alinuna, halafu akajikuta akilisikia kwa mbali anaacha alichoshika.

Wiki ya sita chiriku alikuwa amerudi mtini na miguu yote miwili. Alizungumza akipiga mswaki. Alizungumza na pasi. Alijifunza kunyunyiza maji kwenye nguo kwa ncha za vidole, matone madogo yasiyogombana, na kukunja shuka kihospitali, kona kwa kona, wanakutana katikati na kuachana kama watu wanaocheza ngoma ya heshima. Alikuwa pia na mchezo wake wa vibanio. Kwenye kamba ya uani alibana vibanio vya nguo upande wa kushoto, na kila Jumatatu kabla ya shule alihamisha kimoja upande wa kulia. Bi Mkunjo aliona, akadhani ni mambo ya watoto.

Wiki ya kumi na moja afisa akaja peke yake. Hakukaa. Mtu mwenye habari njema hukaa.

"Mama, kuna tatizo kwenye faili."

Alieleza kwamba fomu ilipofika makao makuu ikachapwa upya. Kwenye uhusiano ikachapwa kama ilivyoandikwa. Kisha sheria inataka mama mzazi, akiwa hai na daktari akisema akili imetulia vya kutosha, atie saini kuridhia. Daktari alisema imetulia. Wakampelekea. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye jina la dada yake na neno lililo mbele yake, akairudisha karatasi, akageukia ukutani.

"Alisema nini?"

"Alisema, mama wa mtoto ni mimi." Afisa akavua mkoba, akauvaa tena. "Bila saini yake kamati haiwezi kuongeza. Kibali kitakufa na wiki zake. Mama, kwa kweli pale hukutakiwa kuandika mama."

"Wewe mwenyewe unaniita mama. Umeniita mara tano tangu uingie."

"Hiyo ni heshima, mama."

"Mara sita," Bi Mkunjo akasema.

Kijana akacheka bila kutaka, kisha akatoa fomu mpya isiyojazwa, akaiweka mezani. Akasema dawa ni ndogo. Aijaze upya, aweke alama kwenye mengineyo, aeleze vizuri, aipeleke kwa mdogo wake mwenyewe. Akiridhia, mambo yamekwisha.

Bi Mkunjo akaiacha fomu pale siku tatu. Alipiga pasi kuizunguka. Moyoni alikuwa anagombana: asiposaini asisaini, nimwombe mimi, mimi niliyempangusa kamasi? Amegeukia ukutani, ageukie. Dereva alikuja kuchukua shati lake, akasikia yote, akaelekea mlangoni.

"Nguo ikiungua," akasema, "mpiga pasi huilaumu pasi."

"Nenda zako."

"Naenda. Shati langu lakini umelinyoosha mkono mmoja tu."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Bi Mkunjo alitoka uani akamkuta Chiriku amepanda ndoo iliyofunikwa, kibanio mkononi, lakini hahamishi. Kushoto vilikuwa vimebaki vitano na hicho alichoshika.

"Utachelewa shule."

"Dada wa Mama, hivi vikiisha nakwenda wapi?"

"Vipi viishe?"

"Wiki." Mtoto alivigusa kimoja kimoja. "Karatasi ya ukutani imesema kumi na sita. Nimeisoma mwenyewe. Nilifikiri nisipokihamisha leo itasubiri."

Karatasi ya ukutani ndiyo ile ya kibali. Bi Mkunjo alikuwa ameibandika juu ya kitanda cha mtoto kwa fahari, kama cheti. Miezi yote ile mtoto alikuwa analala chini ya hesabu yake. Bi Mkunjo akafungua kifungo cha shingoni, akashindwa kukifunga tena.

"Shuka chini," akamwambia. "Kibanio nipe mimi."

Akakitia mfukoni. Baada ya kumfikisha shule akavaa gauni lake la kijivu, akaichukua fomu, akaenda hospitali.

Njia zile aliweza kuzipita amefumba macho. Wauguzi wa zamani walimsalimu, mmoja akamtania, "Bi Mkunjo, wamekurudisha kazini?" Chumba cha mashuka kilikuwa kimefungwa, siku hizi yanafuliwa kwa mashine huko nje na kurudi yamejikunja kama yalipigana. Wadi ya Kitinda ilikuwa ya mwisho, ile yenye madirisha ya bustani. Alikuwa amekaa kitandani, nywele amesuka mwenyewe, mistari miwili sawa na mmoja umepotea njia. Amekonda. Alipomwona dada yake hakusema karibu.

Bi Mkunjo hakujua aanzie wapi, mikono ikaanza yenyewe. Akavuta kona ya shuka, akailaza, akaipapasa.

"Liache," Kitinda akasema. "Umekuja kunichukulia na shuka?"

"Sijakuchukulia kitu."

"Umeandika mama."

"Nafasi iliisha. Mstari wenyewe mfupi, nilitaka kuandika mama mkubwa, ukaisha."

Kitinda akamtazama, mara ya kwanza siku ile. Macho yalikuwa mazito ya dawa, lakini ndani yake alikuwepo. "Dada, usinifanye mgonjwa zaidi ya nilivyo. Wewe ulikuwa unaandika jina langu na la baba na la babu kwenye kipande cha sabuni, nisiibiwe shuleni. Nafasi ikuishie wewe?"

Nje mtunza bustani alikuwa anafagia majani, na Bi Mkunjo akasikiliza ufagio mpaka ukafika mwisho wa njia.

"Ingeenea," akasema. "Ningebana ingeenea. Sikutaka kubana."

"Kwa nini?"

"Nililitazama likiwa peke yake, likanipendeza."

Kitinda akashusha miguu chini. Vidole vyake vikachezea ile kona ya shuka iliyonyooshwa. "Siku ile shangazi alipokuja," akasema, "wewe ulikuwepo. Nilikutazama. Nilingoja useme, mwache aniite. Ukaendelea kupiga pasi. Nikajua hutaki."

"Mimi?"

"Nikasema moyoni, basi, amechoka na mimi. Mtoto wa miaka saba atajua nini kingine?"

Bi Mkunjo akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho kwa miaka thelathini na mmoja aliwakataza watu wasifanye. "Niliogopa nikifungua mdomo nitalia mbele ya shangazi. Na nilipiga pasi gauni lako moja mara nne, kama hukumbuki. Kisha nikangoja. Nilidhani ukikua utarudi kuniita."

"Mimi nilingoja unikumbushe."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo," Kitinda akasema, akapangusa pua kwa kiganja, na dada yake akatoa leso iliyokunjwa mraba bila kuambiwa. Kitinda akaipokea. "Anasema?"

"Nani?"

"Chiriku. Waliniambia amenyamaza."

"Zamani hizo. Sasa masikio yananiuma. Jana ameniuliza kama samaki hutoka jasho."

"Anakuitaje?"

Bi Mkunjo akajivuta shingo. "Dada wa Mama."

"Lote?"

"Mpaka barabarani."

Kitinda akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu kilichokaa muda mrefu bila kutumiwa, kikakwama, kikaendelea. Muuguzi akachungulia, akarudi. "Nilimfundisha mimi," Kitinda akasema. "Nilimwambia, usije ukamwita kwa jina kama mtu baki. Yule ni dada wa mama. Basi toa hiyo karatasi."

Fomu ikawekwa juu ya meza ya dawa. Bi Mkunjo akaijaza kwa herufi zake zinazopokea wageni. Alipofika kwenye uhusiano akaweka alama kwenye mengineyo, hakusema neno. Kalamu ikafika kwenye kistari ikasita.

"Anzia mwanzo kabisa," Kitinda akasema. "Bana. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Akabana. Akaandika mama mkubwa, herufi ndogo ndogo kama za kwenye sabuni. Alipomaliza wote wawili wakatazama. Nafasi iliyobaki mbele ingetosha neno jingine zima.

"Mstari mfupi," Kitinda akasema.

"Nyamaza utie saini."

Akatia. Mkono ulitetemeka kwa dawa, saini ikapanda mlima na kushuka, lakini ilikuwa yake. Kisha hakuiachia karatasi. "Nikipona nitamtaka, Dada."

"Najua."

"Sitaki aje anisahau nikiwa hapa."

"Kila siku anasema mama yangu hivi, mama yangu vile. Nitamleta Jumamosi. Akikuuliza habari za samaki, jibu unalo wewe, mimi sina." Akaichukua karatasi, akaikunja mara moja tu. Alipoingiza mkono mfukoni akakutana na kibanio. Akakitoa, akabana nacho leso kwenye ukingo wa kitanda ikauke. "Na hicho ni cha kwake. Utamrudishia mwenyewe."

Kamati ilikaa wiki ya kumi na tano. Barua ikaletwa na afisa kwa mkono wake, na safari hii alikaa kabla ya kuambiwa karibu. Mwaka mmoja, utapitiwa kila baada ya miezi mitatu, mpaka mama mzazi atakapokuwa na uwezo wa kumchukua mwanawe. Bi Mkunjo alisoma mpaka chini. Mwaka mmoja si daima, na alikuwa mtu mzima wa kutosha kujua daima haitolewi na kamati. Akaipangusa kwa kiganja, pasi hakuigusa.

Chiriku akarudi shule, akaiona mezani. Akaweka begi, ambalo siku hizi lilikuwa na zipu, akafuata maneno kwa kidole.

"Ma-ma m-ku-bwa wa m-to-to." Akainua kichwa. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozaliwa."

Mtoto akafikiri, uso wake ukiwa na lawama kidogo. "Sasa kwa nini hukusema? Dada wa Mama ni refu, nikikuita kutoka barabarani nachoka."

"Hukuniuliza."

"Mama Mkubwa nalo ni refu," Chiriku akasema, na akatoka uani kuvibandua vibanio vyake vyote kwenye kamba, kulia na kushoto, akavitumbukiza kapuni bila kuhesabu. Bi Mkunjo akashika shati la mteja, akalitandaza, akaanza na kola. Afisa alikuwa bado anakunywa chai yake. Ukapita muda wa mikono miwili ya shati, kisha sauti ikatoka mlango wa nyuma.

"Mkubwa, kuna maji?"

"Yapo," akajibu, na akaipitisha pasi mara ya pili pale pale palipokwisha kunyooka.